Kifaa Kinachojipanga Chenyewe

Lemara, Ijumaa, saa kumi jioni

Aikande mwanangu,

Barua hii usiisome ndani ya basi. Nimeifunga kwa gundi ya dukani, na pale bahasha inapofungia nimegonga mhuri wetu mara mbili. Ukikuta mhuri umeachana, ujue kuna mtu ameisoma kabla yako, na ni vizuri ulijue hilo kabla hujaanza kumchekea kila utakayemkuta huko Mwanza. Najua unacheka. Cheka tu. Mama yako ndivyo alivyo, na barua yenyewe inahusu tabia hiyo hiyo.

Umekwenda Kisongo kumuaga shangazi yako. Mimi nimefunga duka mapema ili niandike bila mtu kuingia kutoa kopi ya cheti. Chandarua, dawa, masweta, namba za simu za watu wa usharika wa huko, hayo yote nimeyasema mpaka juzi ukaniambia, "Mama, naenda chuo, siendi vitani." Sitayarudia. Nataka kukuandikia habari za Rehema, na za kile kidude cheusi kilichokuwa juu ya kabati la sebuleni, na kosa nililofanya ambalo mpaka leo mchana nilidhani nalijua peke yangu.

Nianzie mbali kidogo, univumilie. Wewe hujazaliwa, nilikuwa balozi wa nyumba kumi hapa hapa Lemara. Siku hizi balozi ni mtu wa kukusainia barua ya utambulisho basi, lakini enzi zile za foleni ya sukari na sabuni, balozi alikuwa balozi. Mgeni akilala kwenye nyumba yoyote kati ya zile kumi, asubuhi mwenyeji wake anakuja kwangu. Jina la mgeni, katoka wapi, kaja kufanya nini, anaondoka lini. Ninaandika kwenye daftari, na kando yake naweka namba ya nyumba, ile iliyopakwa rangi juu ya mlango. Namba ya nyumba haikuwa kitu cha kuhamahama. Namba saba ni ya watu wale wale leo, kesho na mwaka ujao, na ukiona wageni wamezidi kwenye mstari wa namba saba, unajua nani wa kumuuliza.

Niseme ukweli, kazi ile niliipenda. Nilipenda kupita jioni, nikasikia sauti nisiyoijua nyuma ya pazia la mtu, nikapiga hodi. Watu walinikaribisha chai, mikono inawatetemeka mpaka kikombe kinalia kwenye kisahani, na mimi nilidhani ile ni heshima. Mambo yalipofunguliwa, maduka yakajaa, kila mtu akawa anauza na kununua anapotaka, daftari langu likakosa kazi. Tabia yenyewe haikukosa kazi. Halafu baba yako akafariki. Ndugu zake walikaa matanga siku nne, siku ya tano wakauliza hati ya nyumba iko wapi. Tangu siku ile hata mtu akinipa pole namwangalia machoni kwanza nione anatafuta nini.

Unakumbuka tulivyoanza hili duka la kuchapa. Sebule tuliigeuza ofisi, tukaweka mashine ya fotokopi, na kompyuta mbili za mtumba, moja yako ya kusomea pale sebuleni, nyingine yangu ya kuchapia barua za watu kwenye chumba cha ndani. Baadaye tukavuta intaneti, mtaa mzima ukaja kutazama ile sahani ndogo ya kunasia intaneti juu ya bati. Fundi wa kampuni, yule mwenye upara, alifunga ruta, kile kisanduku cha kugawia intaneti, ukutani na akaniandikia kwenye karatasi: ruta yenyewe namba moja, kompyuta ya Aikande namba mbili, kompyuta ya mama namba tatu. Akasema ruta ndiyo inayovipa vifaa vya ndani namba, ili ijue kipi ni kipi. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Niliibandika karatasi ile kando ya kalenda ya kanisa, na moyoni nikasema, haya, angalau huku bado kuna mtu anaandika namba za nyumba.

Rehema akaanza kuja. Mlikuwa mmemaliza shule pamoja, mama yake anashona kwenye baraza lao kule Daraja Mbili, kompyuta hawana, na nyote wawili mlikuwa mnatafuta vyuo. Alikuwa anaingia na shikamoo yake ya taratibu, anavua viatu hata nikimwambia asivue, anakaa na wewe mpaka magharibi. Sikuwa na sababu ya kumshuku. Ndiyo maana nikamshuku. Nilijiuliza mtoto wa watu anakuwaje mpole hivi kila siku, bila kuchoka. Karatasi zikawa zinaisha upesi, na badala ya kufikiri kwamba wateja wameongezeka, nikafikiri vingine.

Nikaenda mjini kwa yule muuzaji wa vitu vya Dubai nikamwambia nataka kamera, lakini sitaki fundi. Fundi akija atajua ninachotazama na atakwenda kusema. Akanitolea kile kidude cheusi. "Hii hata haihitaji fundi, mama. Chomeka tu, yenyewe inajipanga." Maneno hayo yalinipendeza kuliko bei. Niliiweka juu ya kabati katikati ya maua ya plastiki, na ulipouliza nikakujibu kwamba ni kifaa cha kuongeza nguvu ya intaneti. Nilikudanganya bila hata kupepesa. Basi nikawa nachapa barua za watu kule ndani, na kwenye kona ya kioo cha kompyuta nawaona nyinyi wawili. Sauti haikuwepo. Nilikuwa nawaona mnacheka, na kila mlipocheka nilijua mnanicheka mimi.

Wiki chache baadaye intaneti ikawa nzito, nikamwita fundi. Wewe ulikuwa sokoni. Alifungua ukurasa wa ruta kwenye kompyuta yangu, akakuna upara.

"Aisee mama, hapa kuna mlango umefunguliwa kwenda nje. Nani kaufungua?"

"Mlango gani?"

"Wa humu kwenye ruta. Mtu wa nje akijua pa kugonga, ruta inampitisha moja kwa moja mpaka kwenye hiki kifaa cha ndani. Hiki hapa, namba mbili."

"Kwa hiyo kuna mtu ameingia kutoka nje?"

"Hapana mama. Wa nje hajafungua. Ni kutoka humu humu ndani, ndiko ombi lilikotoka."

Alitaka kuendelea, umeme ukakatika. Ulikuwa wakati ule wa mgao, umeme unakwenda na kurudi mara nne kwa siku. Akafunga begi lake, akasema atarudi, akanionya nisiguse kitu. Lakini mimi nilikuwa nimeshasikia vya kunitosha. Mlango umefunguliwa kutoka ndani. Namba mbili. Nilisimama mbele ya ile karatasi ya ukutani kwa mshumaa, ingawa ilikuwa saa tisa mchana, nikaisoma kama nilivyokuwa nikisoma daftari langu: kompyuta ya Aikande namba mbili. Wageni wamezidi kwenye mstari wako. Na wewe nakujua, wewe hufungulii watu. Aliyekaa kwenye kiti chako kila siku ni nani?

Kesho yake umeme ulikuwepo. Mlikuwa mmekaa pamoja, fomu yake ya chuo cha uuguzi iko wazi kwenye kioo, bado ukurasa mmoja. Nilisimama mlangoni, sikumsalimia.

"Rehema, umemwonyesha nani nyumba yangu?"

"Sijaelewa, mama."

"Umewafungulia watu mlango humu ndani. Fundi ameuona."

Wewe ukasimama. "Mama, hakuna aliyefungua kitu. Mimi niko naye muda wote."

"Wewe nyamaza, sijakuuliza."

Rehema alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. "Mama, naomba nimalizie tu huu ukurasa nichape. Mwisho ni Jumatatu. Nikimaliza sitakuja tena, kama hutaki."

Nikamwambia, "Kamalizie huko huko kwa uliowafungulia."

Nimeandika maneno hayo jinsi yalivyo ili usidhani nimeyasahau au nimeyapunguza makali. Alisema, "Haya mama, asante," akajitanda ushungi wake vizuri, akavaa viatu, akaondoka. Alinishukuru, Aikande. Nilimfukuza naye akanishukuru. Na Jumatatu ikapita, fomu yako ikaenda, yake ikabaki ndani ya kompyuta.

Fundi alirudi baada ya wiki tatu. Akafungua ule ukurasa, akaangalia, akaniuliza, "Mama, una kamera humu ndani?" Nilitaka kukana. Akaonyesha kwa kidole, akasema namba mbili ni kamera. Nikamwambia hapana, namba mbili ni kompyuta ya binti yangu, na karatasi uliandika wewe mwenyewe. Akacheka, si kwa ubaya. Akasema namba zile si za kudumu. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaanza kugawa upya, na kinachowahi kuamka ndicho kinachopewa ya mwanzo. Kamera inaamka haraka kuliko kompyuta, basi ikachukua namba mbili, kompyuta yako ikasukumwa mbele. Miaka yote ya daftari langu hakuna nyumba iliyowahi kuchukua namba ya jirani yake kwa sababu umeme umekatika. Sikuwa na pa kulijulia hilo, lakini nilikuwa na mdomo wa kuulizia, na sikuuliza.

"Sasa nani aliiambia ifungue mlango?"

"Hakuna, mama. Ndivyo ilivyotengenezwa. Inaiomba ruta ifungue, na ruta haibishi. Chochote kilicho ndani kikiomba, inafungua. Inawaamini wote wa ndani."

"Na huko nje nani anatazama?"

"Yeyote atakayeipata. Neno la siri bado ni lile la kiwandani." Akaona sijaamini. "Ngoja. Nikifika ofisini nitakupigia simu, ujionee."

Nusu saa baadaye simu ikaita. "Mama, umevaa kitenge cha kijani. Umesimama karibu na fotokopi." Nikajitazama. "Inua mkono." Nikainua. "Huo ni wa kushoto, mama." Nikakaa chini sakafuni, naye akasema, "Umekaa. Chomoa huo waya, mama, pole sana." Nilipanda juu ya kiti nikauchomoa huku nimejifunika uso kwa khanga. Nilifikiri wiki zote zile, nyinyi mabinti wawili mmekaa pale mnacheka, mnasuka nywele mkichoka, na watu nisiowajua, katika nchi nisizozijua, wanawatazama. Mimi niliyewafungulia.

Kesho yake alikuja akakizima kile kipengele cha ruta cha kufungua milango kikiombwa, akabadilisha na maneno ya siri. Wewe uliporudi ukauliza kidude cha juu ya kabati kimekwenda wapi, nikakuambia kimeungua na umeme. Ulinitazama kidogo, ukasema, "Pole, mama."

Ningeweza kwenda Daraja Mbili jioni ile ile. Sikwenda. Nilijiambia ameshasahau, nikajiambia mama yake atanitangaza kwa mtaa mzima, nikajiambia pengine Mungu ana mpango mwingine naye. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, kumsingizia Mungu. Mwaka mzima nimekuona hutaji jina lake mbele yangu. Nilidhani umetii. Nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafurahi kwamba mtoto wangu ni mtiifu.

Siku hizi hizi za kukufungia mizigo ndizo zilizonishinda. Kila nilichoweka kwenye sanduku lako nilikuwa naona na mwingine alipaswa kuwa anafungiwa la kwake. Leo asubuhi umetoka, nimechapa fomu mpya ya kile chuo, kurasa zote, nimeiweka kwenye faili, nimekwenda kwao kwa miguu. Nilimkuta barazani kwenye cherehani ya mama yake, anapindisha sare za shule. Akasimama.

"Shikamoo, mama Aikande."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na maneno mabaya, naomba nikae."

Nimemwambia yote, kamera, namba, fundi na ule mkono wa kushoto. Hakunikatiza. Nilipomaliza akawa anaokota vipande vya uzi kwenye gauni lake, halafu akasema, "Nilijua, mama."

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni kamera. Boksi lake si ulikuwa unawekea klipu kwenye droo? Lina picha. Na pembeni wameandika kwamba inajifungulia njia yenyewe, uweze kuitazama popote duniani. Aikande alilisoma wiki ile ile uliyonifukuza."

Boksi lile nililifungua mara ishirini kwa siku kutoa klipu. Mimi, ninayesoma risiti ya nyanya mbele na nyuma, sikuwahi kugeuza lile boksi nikasoma.

Nikamuuliza kwa nini basi hamkuniambia. Akasema alitaka kuja, siku bado zilikuwepo kabla ya ile Jumatatu, wewe ndiye uliyemzuia. "Alisema tusikuaibishe, mama. Alisema umetoka msibani hata mwaka haujaisha, atakuambia mwenyewe ukishapoa." Akaviringisha uzi kidoleni. "Nilimkasirikia. Fomu ilikuwa yangu. Lakini mama alikuwa wake."

Nikamnyooshea faili. Akalifungua, akatazama, akalifunga kwa adabu akanirudishia. "Asante, mama. Ya mwaka huu nilishatuma. Aikande alinichapia mwezi wa pili, siku moja ya Jumamosi ukiwa mazoezi ya kwaya."

Sitakuficha nilichofanya njiani kurudi nyumbani. Nilikasirika. Nilitembea nikihesabu Jumamosi zote za kwaya, nikijiuliza ni nini kingine kilichapwa kwa mashine yangu, nani mwingine aliingia, umenificha mangapi. Nilifika mpaka darajani ndipo nikajisikia mwenyewe. Nimetoka kuomba radhi kwa kumshuku mtu, na sijamaliza hata hatua mia, nimeshaanza na mwingine, naye ni mwanangu. Nilisimama pale nikalia mchana kweupe, watu wanapita. Nyumba yangu kweli ilikuja kuwa na siri, mwanangu, lakini hazikuletwa na Rehema. Zilianza siku ambayo mtu mwema hakuweza tena kufanya jambo jema mbele yangu.

Sikuambii uwaamini watu wote. Mimi mwenyewe sijafika huko, na sijui kama nitafika. Huko unakokwenda utalala chumba kimoja na msichana tusiyemjua, na tayari nimejikuta nataka kukuuliza ni wa wapi, baba yake anafanya nini, ana ndugu wangapi. Ukimshuku, mshuku. Ila muulize yeye mwenyewe, na akianza kujibu mwache amalize. Mimi nilivishuku vyote vyenye miguu, nikakiamini kile kimoja nilichokinunua kwa sababu hakikuwa na mdomo wa kunisema. Rehema aliomba ukurasa mmoja tu. Ningempa ule ukurasa, hata kama ningeendelea kumshuku, leo naye angekuwa anafunga sanduku la kwenda kusomea uuguzi.

Kitu kimoja sijakiweza, na kinaniuma ninapoandika. Sijui kama ulinyamaza kwa kunipenda au kwa kuniogopa. Nimejaribu kukumbuka uso wako siku ile uliposema "Pole, mama," na kila nikiukumbuka naona kitu tofauti. Mtu wa tabia yangu anachagua lile baya. Nimechoka kulichagua, lakini lile zuri siwezi kujipa mwenyewe, na sitaki unipe kwa kunihurumia.

Utakaposoma haya utakuwa umeshakasirika kwamba sikuja stendi, na kwamba tuliagana mlangoni kama watu wanaokwenda sokoni. Ni kwa sababu nimemwomba Rehema akusindikize mpaka basi liondoke. Aliniuliza, "Na wewe, mama?" Nikamwambia nikiwepo mimi hamtaongea. Mwaka mzima mmekuwa mkikutana kwa kuibia, mkiangalia saa ya mimi kurudi. Kesho mtakuwa na saa nzima, na mimi nitakuwa huku Lemara nimekaa kwenye kiti changu. Mtanisema mtakavyo. Kama kuna jambo mlilokuwa mnaogopa kulisema mbele yangu, mtalisema kwa sauti.

Sitamuuliza Rehema mliongea nini. Nimeapa. Lakini wewe nakujua utapiga simu ukifika, na mimi najijua. Nitaanza na habari za safari, nitazunguka kwenye chakula na hali ya hewa, halafu nitakuuliza.

Usinijibu.

Mama yako